Maana Imefichwa, Imefichika au Imejificha?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu "Bohemian Rhapsody", wimbo wa kundi la Queen la Uingereza, na nimeipa kichwa "Maana Halisi Iliyofichika ya Bohemian Rhapsody". Mwenzangu anashikilia kwamba niandike "iliyofichwa", na mwingine anapendelea "iliyojificha". Tumebishana hadi tumechoka. Naomba utuamue. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nyote watatu mmesema Kiswahili fasaha, na nyote watatu mmesema mambo tofauti. Kitenzi ni kile kile, "ficha", ila mnyambuliko ndio unaobeba dai. "Kufichwa" ni kauli ya kutendwa: yupo mtu aliyeficha, hata kama hatajwi. "Kufichika" ni kauli ya kutendeka: kitu hakionekani, na msemaji hadai kwamba kuna mkono wa mtu ndani yake. "Kujificha" humfanya mtendaji na mtendwa kuwa mmoja, kwa hiyo maana iliyojificha inakuwa kama mtoto anayecheza kombolela, amejibanza nyuma ya pipa akiziba mdomo asicheke. Sipendi picha hiyo kwa jambo la nyimbo, lakini sarufi haina ugomvi nayo.

Ningeweza kuishia hapo. Kwa bahati mbaya, katika kichwa cha makala yako lipo neno ambalo hukuniuliza, na wenzako wamelipita bila hata kulisalimia, nalo ndilo linalonitia homa kila ninapolikuta katika maandishi ya namna hii: "halisi".

Neno hili limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya kitu safi kisichochanganywa na kingine, na ndivyo tunavyolitumia tunaposema dhahabu halisi au samli halisi. Darasani, mwalimu wa lugha akisema "maana halisi" huwa anataja ile maana ya wazi inayobebwa na neno lenyewe, kinyume cha maana ya kitamathali: simba ni mnyama wa porini kabla hajawa timu ya mpira au mtu jasiri. Waandishi wa nyimbo wameligeuza neno hilo kichwa chini, miguu juu. Kwao, maana iliyomo katika maneno ndiyo bandia, na maana halisi ni ile isiyomo humo hata kidogo, ambayo mwandishi ameipata kwa rafiki yake, naye rafiki aliisikia mahali. Niliwahi kuletewa makala nihariri, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Maana halisi ya wimbo huu ina maanisha kwamba mwimbaji alikuwa anamaanisha upweke." Nawaomba wasomaji waisome tena polepole. Humo mna maana tatu katika sentensi moja, na hakuna hata moja iliyofanya kazi. Maana haiwezi kumaanisha, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayomaanishwa. "Ina maanisha" haiandikwi kwa kutenganishwa, kwa sababu "ina-" hapo ni viambishi vya kitenzi wala si kitenzi "kuwa na". Na mwimbaji, maskini, anasingiziwa nia ambayo mwandishi hakumuuliza. Sentensi nzima ingetosha kuandikwa: "Wimbo huu unazungumzia upweke." Maneno manne, na mtu angeweza kuuliza, "Umejuaje?" Nadhani ndiyo sababu hakuyaandika.

Muziki wa roki umeteswa na ugonjwa huu kuliko muziki mwingine ninaoujua. Mwaka 1963, huko Portland katika jimbo la Oregon, kundi la The Kingsmen lilirekodi "Louie Louie", wimbo uliotungwa na Richard Berry katika miaka ya 1950. Maneno yake ni ya baharia aliye mbali na mpenzi wake, anayetamani kurudi kwake. Lakini katika rekodi ile mwimbaji alipiga kelele huku ala zikimfunika, ikawa vigumu kupambanua silabi na silabi. Vijana wakavumisha kwamba humo mna matusi ya chumbani. Wazazi wakaandika barua za malalamiko, gavana wa Indiana akaukemea, na hatimaye FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakaifungulia santuri jalada la uchunguzi. Wakaizungusha kwa kasi ya kawaida, wakaizungusha polepole, wakaizungusha haraka, na baada ya kazi yote hiyo wakatamka kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote ile.

Nimeukawilia mkasa huu kwa sababu unajibu swali lako kuliko kitabu cha sarufi. Waliolalamika waliamini maneno yamefichwa, yaani walimshuku mtu. Kumbe yalikuwa hayasikiki tu, na hakukuwa na mfichaji. Kiambishi kimoja, -w-, kiliwapeleka wapelelezi kwenye gramafoni.

John Lennon wa The Beatles aliwachezea watu hawa kwa makusudi. Alipopata habari kutoka kwa mwanafunzi wa Quarry Bank, shule aliyosoma yeye mwenyewe huko Liverpool, kwamba mwalimu huwapa wanafunzi kazi ya kuchambua maneno ya nyimbo za The Beatles, alitunga "I Am the Walrus" (1967), akaushindilia upuuzi ili wachambuzi wapate la kuwashughulisha. Mwaka uliofuata akatoa "Glass Onion", wimbo unaowadhihaki waziwazi wanaochimbua siri katika nyimbo zake. Watu wakauchimbua na huo.

Upo pia msiba wa upande wa pili, nao haupewi nafasi ya kutosha. "Every Breath You Take" wa kundi la The Police (1983) unasema kwa maneno mepesi kabisa kwamba mtu atamtazama mwenzake kila hatua na kila pumzi. Ni wivu na upelelezi mtupu, na Sting, mwimbaji wa kundi hilo aliyeutunga, amelieleza hilo mara nyingi, lakini maharusi wanaendelea kuucheza. "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen (1984) una beti za askari aliyerudi kutoka Vietnam akakosa kazi, na watu hushika kiitikio peke yake wakakiimba kifua mbele kama wimbo wa taifa. Katika nyimbo hizi maana haikufichwa, haikufichika, wala haikujificha. Imekaa sebuleni, wageni wameifumbia macho.

Sasa turudi kwenye wimbo wako, ambao sisi wa pwani tunadhani tuna hisa ndani yake. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen aliyeutunga, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wenye kufuata dini ya Zoroasta, na familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964. Wimbo wake ulipotoka Oktoba 1975 ulikuwa na sehemu ya katikati iliyoigiza opera, ambamo kijana anaomba aachiliwe, na sauti zinamjibu kwa kupaza "Bismillah!" kisha kukataa katakata. Hapo ndipo jamaa zetu wanapopigana vikumbo: haya, kumbe alificha Uzanzibari wake humo!

Tulitazame neno hilo kwa jicho la mtumiaji wa Kiswahili. Mtu wa Unguja husema "bismillahi" anapoanza jambo: anapotia mkono kwenye sahani, anapovuka kizingiti, anapopanda chombo. Ukimkuta anakula, atakuambia "Bismillahi" akikualika uketi. Ni neno la kufungua na kukaribisha. Mtu akitaka kukataa kwa kiapo husema "Wallahi hatukuachii," au "Hasha!" Katika wimbo ule "Bismillah" imekaa mahali pa "Wallahi", mahali ambapo mtoto yeyote wa Mji Mkongwe angelikuta ni kioja. Sisemi kwamba Mercury hakuwahi kulisikia neno hilo utotoni; ingekuwa ajabu asilisikie. Nasema kwamba namna alivyolitumia haitoki barazani kwetu. Limeitwa kwa mlio wake, kama walivyoitwa Galileo, Figaro na Scaramouche katika mistari iyo hiyo, na hao hatujasikia mtu akiwatafutia nasaba katika mitaa ya Unguja, Malindi au Shangani.

Wengine nao wana halisi zao. Mwaka 2004, mkusanyo wa nyimbo za Queen ulipoidhinishwa kuuzwa nchini Iran, kaseti iliambatana na kijikaratasi kilichoeleza kwamba kijana wa wimbo huu aliua bila kukusudia, akaiuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa akamwita Mungu kwa "Bismillah" akaikomboa. Ufafanuzi huo umeshonwa vizuri, ila katika wimbo wanaotamka "Bismillah" ndio wanaomzuia kijana, si kijana mwenyewe. Kuna wanaosema wimbo ni ungamo la mtunzi kwa mama yake kuhusu maisha yake ya mapenzi. Mtunzi alifariki tarehe 24 Novemba 1991 bila kuwaidhinisha hawa wala wale. Tukiziita zote hizi "maana halisi", tutakuwa na dhahabu halisi za rangi tatu.

Kinachonishangaza ni kwamba kosa hili tunalifanya sisi, watu wa taarabu, tunaojua kufumba kuliko wengi. Fumbo letu lina mfumbaji, lina mfumbiwa, na lina hadhira inayowajua wote wawili. Mwanamke anaponyanyuka ukumbini na noti mkononi, akangoja ubeti ule ule anaoutaka, akapita taratibu mbele ya kiti cha jirani yake kabla ya kwenda kumtuza mwimbaji, hakuna anayehitaji makala. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini lazima kwanza liwe limefumbwa. Kufumbua kisichofumbwa si werevu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, "iliyofichwa" iache mpaka upate ushahidi kwamba Mercury alikusudia kuficha. "Iliyofichika" inakutosha, kwani inakiri tu kwamba wewe huioni. "Iliyojificha" mwachie rafiki yako akaandikie mashairi ya watoto. Na "halisi" ifute, japo najua mhariri wako atairudisha asubuhi kabla chai haijapoa, kwa sababu inavuta wasomaji. Akiirudisha usigombane naye. Akikuwekea "ina maanisha", gombana.