Dada, kuhusu mpwa wangu na ukocha wa huku

Dada, juzi kwenye simu nilikujibu kwa haraka, nilikuwa naingia zamu ya usiku ghalani. Uliniuliza kama mpwa wangu, kwa kuwa sasa ana leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, aje huku Leicester atafute ukocha. Ukasema kwenye kibanda umiza unaona timu za Uingereza zimejaa weusi, hivyo hawezi kukosa nafasi.

Uwanjani ni kweli. Katika Ligi Kuu, zaidi ya wachezaji wanne kwa kila kumi ni weusi. Lakini kamera ikigeukia benchi, mwangalie anayesimama pale mstarini akitoa maelekezo. Utakaa mechi nyingi sana hujamwona mweusi.

Anayeniuma zaidi ni kocha Chris Hughton, ambaye baba yake ni Mghana. Aliipandisha Newcastle mwaka 2010 ikiwa bingwa wa daraja la pili, na Desemba ya mwaka huohuo wakamtimua timu ikiwa katikati ya msimamo. Baadaye akaenda Brighton, klabu iliyokaa miaka 34 bila kuonja ligi ya juu. Akaipandisha 2017, akainusuru isishuke misimu miwili, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la FA. Mei 2019, msimu ulipoisha tu, kesho yake akafukuzwa. Paul Ince naye, Mwingereza mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu Ligi Kuu, alipewa Blackburn 2008. Mechi 17 za ligi, basi. Hakuna klabu ya Ligi Kuu iliyompa timu tena.

Wapo wanaopenya. Vincent Kompany, mtoto wa baba Mkongo, alishuka daraja na Burnley, na bado Bayern Munich wakamchukua 2024. Nilifurahi kama ndugu yangu vile. Ila Kompany alikuwa nahodha wa Manchester City, jina lake linajulikana dunia nzima. Mpwa wangu ataingia na jina gani?

Kazi hizi huku zinapita kwenye simu za watu waliocheza pamoja, kabla hata tangazo halijatoka. Marekani walijaribu kulivunja hilo: tangu 2003, timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inayotafuta kocha mkuu lazima imwite kwenye usaili mtu wa jamii za wachache. Februari 2022 kocha Brian Flores akaishtaki ligi, akidai aliitwa kutimiza taratibu tu. Siku ile, katika timu 32, kocha mkuu mweusi alikuwa Mike Tomlin peke yake.

Nami yamenikuta, sikuwahi kukuambia. Mwaka wa tatu huu nafundisha watoto kila Jumamosi bila malipo. Klabu moja ikatangaza kazi ya kulipwa, nikaomba, nikaitwa. Wakaniambia ningefaa sana kuwaunganisha na "jamii zenu", ila kuhusu kufundisha wangenijulisha. Hawakunijulisha. Baadaye nikamkuta pale rafiki wa yule aliyenihoji. Nilirudi na basi nikilia, dada.

Kwa hiyo asiuze kitu chochote kwa ajili ya tiketi. Leseni D haitamfungulia mlango huku. Wanataka leseni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na ngazi hizo ni pesa nyingi. Atafute kwanza leseni C hapo nyumbani. Ada ya kozi na nauli ya kwenda Dar nitatuma mimi, mwisho wa mwezi nikilipwa.