Mvua zisizo na ratiba Moshi, na hofu ya barafu kuisha

Ndugu, umeuliza kama mvua hizi zinazokuja nje ya majira ni dalili ya mabadiliko ya tabianchi, na kama barafu ya Kilimanjaro ikiisha tutakosa maji. Nakujibu kutokana na niliyoyaona kihambani kwetu, yaani shamba la nyumbani, huko Kibosho, Moshi, ambako nimelima kahawa na migomba kwa miaka 26.

Msimu mmoja peke yake hauthibitishi kitu. Mwaka wa El Nino, yaani bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida, kama 1997 na 2023, vuli huzidi, na mwaka wa La Nina, bahari hiyo inapopoa, mara nyingi hupungua. Hayo hata wazee waliyaona. Kinachonitia hofu ni jinsi vurugu inavyojirudia. Wakati wa kiangazi mbuni hukaa na vitumba vilivyolala, na mvua ya kwanza ya kutosha ndiyo huviamsha, hata baada ya siku kama kumi shamba zima likawa jeupe na kunukia kama asmini. Siku hizi mvua hunyesha siku moja mwezi wa Septemba, maua yakachanua, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo, nami nayakuta chini ya miti yamekauka, rangi ya kahawia, yakivunjika vidoleni. Mvua ikirudi, mengine huchanua. Mwishowe tawi moja hubeba kahawa mbivu na changa kwa pamoja, ikatulazimu kupita kwenye mti uleule mara sita au saba, na kila mara vibarua wanalipwa.

Kuhusu barafu, vipimo vya timu ya Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu kutoka Marekani, vilionyesha kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Inaniuma, maana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama kila asubuhi. Hata hivyo, maji ya mito na mifongo yetu, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, bali msituni, ambako mvua ni nyingi kuliko kileleni na ukungu hunaswa na majani na kuvumwani, ukadondoka tone kwa tone hadi ardhini. Kwa hiyo mioto ya mlimani ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 ilinitisha kuliko habari yoyote ya kilele, kwa kuwa kiangazi kikirefuka na uoto wa juu ukakauka, moto mdogo tu hupanda haraka, na kilichoungua hakirudi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Kwenye mfongo wetu zamu yangu ya maji ilikuwa kila wiki. Sasa nangoja siku kumi na mbili. Nimeongeza miti ya miringaringa ili kivuli kitunze unyevu, na mashina nayafunika kwa majani ya migomba. Nawe anza kuandika tarehe za mvua na za maua kwenye daftari, tulinganishe kijiji kwa kijiji mwakani.