Mann-Whitney au kipimo cha t kwa matokeo ya ELISA? Anza na n

Mkuu, umeuliza utumie Mann-Whitney au kipimo cha t (hiki hulinganisha wastani wa makundi) kwa matokeo ya ELISA, yaani kipimo cha maabara cha kiwango cha protini. Umesema una makundi matatu (seli zisizo na dawa, dozi ndogo, dozi kubwa), jaribio umelirudia siku tatu tofauti, na kila sampuli imeingia vishimo vitatu vya pleti (sahani ya maabara yenye vishimo vingi). Shapiro-Wilk, kipimo cha kuangalia kama namba zinafuata mgawanyo wa kawaida, imekupa p (uwezekano wa kupata matokeo ya namna hiyo kwa bahati tu) ya 0.03 kwenye kundi moja, ndiyo maana mwenzako akakushauri ukimbilie Mann-Whitney. Kazi yangu ni kuchambua data za maabara, na swali hili karibu kila mara huletwa likiwa limeanzia katikati. Kabla ya jina la kipimo, n yako, yaani idadi ya majaribio huru kwa kila kundi, ni ngapi?

Wewe umeandika 9. Ni 3. Vishimo vitatu vya sampuli moja vinaonyesha tu jinsi mkono wako ulivyotulia kwenye pipeti. Havisemi chochote kuhusu jaribio jipya litakalofanywa siku nyingine. Tafuta wastani wake, ubaki na namba moja kwa kila kundi kwa kila siku. Kuna watu huniletea pleti nzima iliyotoka kwenye chupa moja ya seli, na p yenye sifuri kibao baada ya nukta. Hapo n ni 1, hakuna kipimo kitakachoiokoa.

Ukishaikubali hiyo 3, Mann-Whitney inajitoa yenyewe. Kipimo hiki hutazama nafasi za namba zikipangwa kwa ukubwa, na namba 3 dhidi ya 3 zina mipangilio 20 tu. Hata kundi moja lote likiwa juu ya lingine, p ya pande mbili haishuki chini ya 0.1. Dawa ifanye miujiza, 0.05, ule mpaka uliozoeleka, hutaifikia. Kwa 4 dhidi ya 4 walau inafika 0.029.

Shapiro-Wilk nayo achana nayo. Kwa namba tatu haina cha kukuambia, na ile 0.03 umeipata kwa vishimo tisa. Angalia asili ya kinachopimwa: kiwango cha protini hakiendi chini ya sifuri, na mara nyingi huwa na mkia mrefu upande wa juu. Geuza namba zako kuwa logi (logarithimu), kisha endelea.

Sasa twende kwenye siku, maana ndipo watu wengi hupoteza matokeo mazuri. Chukua mfano huu: bila dawa umepata 210, 95 na 400, kwa dozi kubwa 340, 160 na 620, kwa mpangilio uleule wa siku. Kipimo cha t cha makundi huru kitakupa p zaidi ya 0.4, kwa sababu siku zenyewe zinapishana mno. Lakini gawanya siku kwa siku: 1.62, 1.68, 1.55. Dawa inapandisha kiasi kilekile kila mara! Kipimo cha t cha jozi, kinachotazama tofauti ya siku kwa siku, juu ya logi za namba hizohizo kinatoa p chini ya 0.01. Sharti ni kwamba makundi yaliwekwa pamoja siku ile, kwenye pleti ileile, na uliamua kuyalinganisha kwa jozi kabla ya kuona majibu. Kuchagua jozi baada ya kuona p ni kujidanganya.

Kwa kuwa una makundi matatu, usifanye vipimo vya t kila upande. Tumia anova (kipimo kinacholinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja) yenye siku kama bloku, yaani kila siku ihesabiwe kama fungu lake, halafu kipimo cha Dunnett, kwani unalinganisha dozi na kundi lisilo na dawa. Kipimo cha Tukey ni cha anayetaka kulinganisha kila jozi ya makundi.

Kwenye grafu weka nukta tatu kwa kila kundi, uunganishe za siku moja kwa mstari. Sampuli yoyote iliyosomeka chini ya kiwango kidogo kabisa ambacho ELISA inaweza kukisoma usiijaze sifuri, maana sifuri haina logi. Niambie kwanza ni ngapi za namna hiyo. Ikiwa ni moja tu, bado inawezekana kuirudia ikiwa imezimuliwa kidogo kuliko mwanzo.