Krimu ya jua yenye rangi: angalia namba za nyuma ya chupa

Dada wa Mikindani, kama krimu nyeupe ya kuzuia jua inakuacha kama uliyepakwa unga na madoa ya mashavuni bado yapo, hiyo yenye rangi ndiyo yako. Geuza chupa usome viambato: namba za rangi CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, yaani rangi za madini. Hizo hupunguza mwanga unaoonekana kwa macho usifike kwenye ngozi, ule unaokoleza madoa kwenye ngozi nyeusi hata SPF (kipimo cha kinga ya jua) ikiwa kubwa. Anzia SPF 30. Rangi ijaribie kwenye taya, nje juani, si chini ya taa ya duka. Muuzaji atakusukumia ya maji ya kunde hata kama wewe ni mweusi tii. Krimu za kuchubua ngozi achana nazo. Ukishuka bodaboda umelowa jasho, jifute, upake tena.