Vizibo vya mvinyo vinarejelezeka, ila chambua kwanza

Mkuu umeuliza kama vizibo vya mvinyo vya asili, vile vya gome la mti wa mwaloni, vinaweza kurejelezwa au tutupe tu. Vinarejelezeka, tena vizuri. Mimi nakusanya vya mgahawani na vya majirani, na kazi kubwa iko kwenye kuchambua, maana kila mfuko haukosi vya plastiki vilivyojificha humo.

Vingine vimechorwa michirizi ya kuiga gome, ukiangalia juujuu unaingizwa mjini. Chukua kisu, pasua katikati. Cha asili kina vitundu na mistari ya kahawia isiyo na mpangilio, cha plastiki kinafanana mwanzo mwisho. Vile vya chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, muulize kwanza anayepokea. Vya shampeni toa waya.

Usitegemee kirudi chupani. Kikishachomwa na kizibuo hakizibi tena sawasawa, na kinaweza kubeba TCA, kemikali inayotokana na ukungu na kuufanya mvinyo unuke kadibodi iliyolowa. Vinasagwa, punje zake zinatengenezewa vigae vya sakafu, soli za viatu na mbao za kubandikia matangazo. Ureno, inakotoka karibu nusu ya gome hili duniani, shirika la mazingira la Quercus lilianzisha mpango wa Green Cork mwaka 2008, na mapato yake yanasaidia kupanda miti ya asili.

Kuna wanaodhani tunaokoa miti isikatwe. Hapana, mwaloni huu haukatwi, unabanduliwa gome tu na kuachwa uote jingine. Mara ya kwanza ni mti ukiwa na miaka kama 25, kisha kila baada ya miaka 9, na gome linalofaa vizibo hupatikana kuanzia mbanduo wa tatu. Yaani mti umeshavuka miaka 40! Kitu cha namna hiyo kukichoma na takataka naona ni ufujaji.

Kama hakuna anayepokea karibu nawe, usivifukie vizima kwenye mboji ukitarajia vioze upesi, gome hili lina suberini inayozuia maji. Mimi hukata visahani nabandika chini ya miguu ya viti. Vifukize kwa mvuke kama dakika 10 kabla ya kukata, la sivyo vinamomonyoka. Na vya kutunza vianike vikauke kabisa, uviweke kwenye mfuko wa wavu. Ukifunga vibichi kwenye nailoni vitaota ukungu.