Jibu: Thimlich Ohinga na Kendu Bay kwa siku moja kutoka Kisumu

Dada, umeuliza kama unaweza kumpeleka mama mwenye shida ya magoti Thimlich Ohinga, ile ngome ya kale ya mawe kule Migori, Kenya, mpitie Kendu Bay, mji mdogo wa kando ya Ziwa Victoria, na mrudi Kisumu siku hiyo hiyo; tena dereva anataka alipwe zote mapema. Inawezekana, ila ondokeni alfajiri na muanze na Thimlich. Pitieni Katito, Homa Bay, Rodi Kopany hadi Ndhiwa. Kendu Bay iacheni ya kurudi, iko njiani.

Mkifika Thimlich, msiruke mwongozaji wa pale. Bila yeye mtaona mawe tu. Kuta zimepangwa bila udongo wala saruji, mahali pengine zinafika mita 4.5, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Atawaonyesha malango mafupi: adui alilazimika kuinama, na mlinzi alikuwa anamsubiri ndani. Hapo ndipo magoti ya mama yatasumbua, kwa hiyo muulize daktari wake kwanza na mbebe fimbo. Watoto wasipande kuta, jiwe moja likichomoka mengine hufuata. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, nyoka wapo.

Kendu Bay saa moja inatosha: maduka ya zamani ya Wahindi, gati, samaki.

Huyo dereva anayetaka pesa zote mapema, mpe ya mafuta tu, nyingine mkirudi. Kiingilio cha Thimlich lipeni wenyewe kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Na kama mvua kubwa imenyesha usiku, ahirisheni. Barabara ya vumbi ya kuingia Thimlich hugeuka utelezi na gari dogo halitoki.