Usianze na Minyororo: Kwa Wanaotaka Kuchora Vibonzo Kuhusu Usafirishaji Haramu wa Binadamu

Juma lililopita kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniandikia akitaka kujua jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya vibonzo itakayowaonya wenzake dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Aliuliza zaidi kuhusu programu na kompyuta. Ninamjibu hapa kwa kuwa ninajua wengi wenu mnaonisoma mna kiu hiyohiyo.

Programu isikusumbue; Blender hupatikana bila malipo na inatosha. Kilichoniangusha mimi kilikuwa kingine kabisa.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika tatu. Ukichora picha 12 kwa kila sekunde, dakika moja inadai picha 720, kwa hiyo mimi na wenzangu wawili tulichora zaidi ya picha 2,000 katika chumba cha kupanga huko Kariobangi. Tulichora lori lenye giza, minyororo, na wanaume wa miraba minne wasio na macho. Tulipoionyesha katika ukumbi wa kanisa mtaani Kayole, watu walitazama kwa utulivu na kupiga makofi. Ndipo mama mmoja muuza mboga aliposimama na kusema, "Mwanangu, hayo yanatisha, lakini binti yangu hakuchukuliwa na lori. Alichukuliwa na wifi yangu, na chai nilimpikia mimi mwenyewe."

Sikupata usingizi usiku huo, na hadi leo nikiikumbuka sauti yake ninaona haya. Nilikuwa nimetumia miezi mitano kuwafundisha watu kumwogopa mtu ambaye hatawahi kubisha mlangoni kwao.

Nilirudi kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kushika kalamu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na uhalifu huu inatazama mambo matatu: kitendo, kama vile kumsajili au kumsafirisha mtu; njia, ambayo inaweza kuwa nguvu, lakini pia udanganyifu au kutumia vibaya udhaifu wa mtu; na lengo la kumnyonya. Kwa mtoto, njia haihitaji hata kuthibitishwa. Si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Msichana anayetolewa kijijini kwa ahadi ya karo, kisha akafungiwa katika nyumba ya Nairobi akifua na kulea bila malipo, anaweza kuwa mwathiriwa sawa na aliyepandishwa ndege. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ni nani katika ukumbi ule wa Kayole angeyajua hayo kutokana na minyororo yangu?

Filamu ya pili ilianza na chai. Manusura aliyewahi kufanya kazi za nyumbani katika nchi ya Ghuba, ambako kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, alikubali kutusimulia, huku mshauri nasaha akiwa ameketi naye. Hapa ndipo vibonzo vinapoishinda kamera: tulimpa uso mwingine, sauti ya mwigizaji na mtaa mwingine, lakini maneno yakabaki yake. Tulimwonyesha kila mchoro, naye akatuambia tuondoe kitambaa cha njano cha kichwani kwa sababu dada zake wangekitambua. Tulikiondoa, ingawa kilikuwa kimetugharimu siku nne. Atakayekusimulia maisha yake ana haki ya kukuambia futa, nawe ufute bila kunung'unika.

Shirika lililokuwa likitufadhili lilitaka minyororo irudi, likidai kwamba ndiyo inayogusa mioyo ya wafadhili. Nilikataa, na sehemu ya pili ya malipo haikuja. Niliimaliza filamu kwa kuchora kadi za harusi usiku. Bado jambo hilo linaniuma, na sitaficha kwamba pia linanipa fahari, kwa maana mateso ya watu hayatupasi kuyapamba ili yauzike.

Basi, ndugu yangu wa Umoja, chora tabasamu la wakala wa ajira kabla ya kuchora kilio. Chora mkataba usiosomeka na pasipoti inayochukuliwa mara tu mgeni anapofika. Mwambie mtazamaji ahakikishe kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na uache nambari 116 ya kuwasaidia watoto ikae kwenye skrini hadi mtu aweze kuiandika. Faili iwe ndogo, maana wengi wataipokea kwa WhatsApp wakiwa na bando la shilingi 20. Nenda pia ukaionyeshe mwenyewe, uketi nyuma, usikilize. Usijifungie na kazi yako ukingoja tuzo wakati binti za jirani wanafunga mizigo.

Mwezi huu tuliionyesha mtaani Mwiki. Watu walipotoka, msichana mmoja alibaki, akaomba arudiwe sehemu ya mkataba. Tuliirudia mara tatu. Mara ya tatu alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na mkataba wake mwenyewe: ukurasa mmoja, wote kwa Kiarabu, na sahihi yake chini.